Mvua ya Mawe Ikishapita

Paukwa! Ninyi mlioitika pakawa, kaeni vizuri, maana hadithi ya leo haina sungura wala zimwi. Ina mahindi, mvua ya mawe, mizani, daftari, na shilingi inayosafiri kutoka hazina ya serikali hadi kwa mkulima. Hadithi hii inawahusu. Katika nyumba nyingi za Kitale, Kiminini, Kimilili na Chwele, karo, sare na hata kalamu mnayoandikia hutoka kwenye gunia la mahindi la kilo 90. Gunia hilo likipotelea shambani, mtoto ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ukipanda matatu Kitale, ukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, kisha ukakata kulia kuelekea Bungoma mjini, karibu safari yote mlima utakuwa upande wako wa kulia. Huo ni Mlima Elgon, na Wabukusu huuita Masaba. Zamani sana ulikuwa volkano, na mawe na majivu yake ndiyo yaliyotuachia udongo unaotulisha. Lakini mlima huohuo hukusanya mawingu, na mawingu hayo mara nyingine hushusha barafu. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi hufanya mahindi yakomae polepole. Hupandwa Machi au Aprili, yakavunwa kati ya Oktoba na Desemba. Sehemu za chini za Bungoma hupata msimu wa pili. Mkulima wa Trans Nzoia, kama yule wa miteremko ya juu ya Bungoma, kwa mahindi hupata msimu mmoja tu kwa mwaka. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa tuseme yuko mama mmoja kwenye miteremko ya juu ya Kimilili. Tumwite Mayi, kama Wabukusu wanavyomwita mama. Nimemtunga mimi, ila yanayompata huwapata wengi. Mayi ana ekari mbili. Mbegu amenunua, mbolea ya kupandia amekopa, vibarua wa kupalilia amewalipa kwa pesa za kuku. Ni Julai, mahindi yametoa mbelewele na vigunzi vimeanza kuota ndevu. Alasiri moja mbingu inakuwa nyeusi, na kwa muda usiotosha kuchemsha maharagwe, mvua ya mawe inapita juu ya shamba lake. Majani yanachanika vipande vyembamba. Mashina yanalala. Ng'ambo ya bonde, kilomita mbili tu kutoka hapo, jua linawaka na mahindi ya jirani yamesimama kama kawaida.

Mayi anauliza, nanyi mngeuliza vivyo hivyo: je, serikali itanilipa?

Jibu la swali hilo limebadilika mara nyingi katika nchi hii, na lina historia inayoanzia hapahapa kwetu. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilihitaji mahindi na ngano nyingi. Ikawaahidi walowezi wa nyanda za juu, wakiwemo wale wa Trans Nzoia, malipo ya chini ya uhakika kwa kila ekari waliyolima. Mvua ikikatika au ugonjwa ukiingia, mlowezi hakubaki mikono mitupu, kwani serikali ilimwekea kiwango ambacho mapato ya ekari yake hayangeshuka chini yake. Mkulima Mwafrika aliyekuwa akilima mahindi yaleyale chini ya mlima uleule hakuwemo katika ahadi hiyo. Baada ya uhuru mpango uliendelea, ukawafikia na Waafrika wenye mashamba makubwa, mpaka ukafa mwishoni mwa miaka ya 1970 huku mikopo mingi iliyotolewa chini yake ikiwa haijalipwa. Nawaambia haya kwa sababu kuna watu hudhani kumlinda mkulima dhidi ya maafa ni wazo geni lililoletwa juzi. Lilikuwepo Kitale zamani. Kilichokosekana ni haki ya nani aingizwe daftarini.

Daftari. Neno hilo mtalisikia tena na tena leo, kwa sababu fedha za maafa hufuata jina lililoandikwa.

Tazameni mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 palitokea machafuko. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maghala ya mahindi yakateketea, na familia nyingi za wakulima wa Trans Nzoia zikalala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale. Hayakuwa maafa ya mvua, yalikuwa maafa ya binadamu, lakini shamba lililotelekezwa halijui tofauti. Serikali ilianza kuwarudisha watu Mei 2008, ikatangaza shilingi 10,000 kwa kila kaya za kuanzia maisha upya, na shilingi 25,000 kwa waliobomolewa nyumba, wajengee tena. Walioandikishwa kambini walikuwa na pa kuanzia kudai. Lakini wengi walikimbilia kwa shangazi, kwa wajomba, kwa marafiki wa kanisani, na hawakukaa kambini hata siku moja. Hao hawakuwa kwenye orodha ya kambi, na wengi wao wakaachwa nje ya malipo. Hasara yao ilikuwa ileile. Shangazi aliyewapokea alipunguza mzigo wa serikali, naye mpwa akakosa fidia kwa sababu ya ukarimu huo. Jambo hilo huniuma mpaka leo.

Nendeni sasa upande wa kaskazini. Ninyi wa Kitale mmeyaona malori yakijaza mahindi na kushika barabara ya Kapenguria kwenda Lodwar. Huko mwisho wa safari, Turkana, kuna mpango wa serikali unaozipa kaya maskini fedha taslimu ili zisife njaa ukame ukija. Ulianza mwaka 2009 katika kaunti nne ambazo leo ni Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa shilingi 2,700 kwa mwezi, zikilipwa 5,400 kila baada ya miezi miwili. Kaya nyingine nyingi ziliandikishwa mapema bila kulipwa kila mara, ili ukame ukizidi nazo ziongezwe kwenye malipo bila kuanza kutafutana. Hapo kuna akili kubwa: majina yalikusanywa kabla ya shida.

Kwa nini mpango kama huo haukuja kwa Mayi? Mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame hushughulikia kaunti 23 zilizo kame au nusu kame. Pokot Magharibi, jirani wa Trans Nzoia, imo. Trans Nzoia na Bungoma hazimo. Sisi tunaitwa ghala la chakula la taifa, na jina hilo zuri lina adhabu yake. Mtu wa mbali akisikia ghala, hawazii kwamba ndani ya ghala kuna mama mwenye ekari mbili ambaye mwezi wa Juni hununua unga kwa gorogoro kama mtu wa mjini.

Basi tufike kwenye jambo lililoletwa mahsusi kwa mkulima wa mahindi, na hapa tutakaa kidogo.

Machi 2016 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilizindua mpango wa taifa wa bima ya kilimo. Kwa upande wa mahindi na ngano ulianza katika kaunti tatu: Bungoma, Embu na Nakuru. Ndiyo, Bungoma ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Lengo lilikuwa kufikia kaunti 33 ifikapo mwaka 2020. Utaratibu uliowekwa ulikuwa kwamba mkulima alipe ada kidogo kabla ya msimu, na serikali imlipie nusu ya ada hiyo. Fedha hukusanywa na kampuni za bima, na mavuno yakiharibika, kampuni ndizo hulipa fidia. Kwa hiyo shilingi ya serikali hutolewa kabla ya maafa badala ya kungoja maafa yatokee. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika hadithi hii. Msaada unaotolewa baada ya kilio humfikia mwenye sauti kubwa na mwenye mjomba ofisini. Bima inakuwa deni: mvua ikishaharibu, mkulima anadai chake, haombi.

Lakini nani atajua Mayi amepoteza kiasi gani? Fikirini gharama ya kumtuma mkaguzi kwenye kila shamba la ekari mbili, kutoka Sirisia mpaka Tongaren. Mafuta ya pikipiki peke yake yangemaliza ada yote. Tena kuna hofu nyingine: mtu akijua atalipwa mahindi yake yakikauka, huenda akaacha kupalilia. Wataalamu wakatumia njia iliyokwisha kujaribiwa India, China na Mexico. Wanagawa kaunti katika maeneo ya bima. Kila eneo lina rekodi ya mavuno ya miaka iliyopita, na kutokana nayo huwekwa mstari. Wakati wa kuvuna, mashamba machache huchaguliwa kwa kura, bila kujali ni ya nani. Wapimaji huingia na kamba, hupima kipande cha mraba, huvuna mahindi yote yaliyomo, huyapukuchua, hupima unyevu, kisha huyaweka kwenye mizani. Vipimo vya mashamba hayo huunganishwa kupata wastani wa eneo zima. Wastani ukiwa chini ya mstari, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa kulingana na upungufu. Ukiwa juu, hakuna anayelipwa.

Faida yake ni kwamba aliyepalilia vizuri hapotezi kitu kwa bidii yake: eneo likilipwa, naye hulipwa, na mavuno yake mazuri hubaki yake. Tena hakuna mkaguzi wa kuhongwa kwenye shamba lako, kwa sababu shamba lako si lazima lipimwe.

Mmeshaona tatizo la Mayi? Najua mmeliona, kwa sababu darasani mmeshapewa alama za wastani. Darasa likipata wastani wa 62, mwalimu hufurahi, na yule aliyepata 9 anaketi nyuma akiwa na 9 yake. Mvua ya mawe haiharibu kaunti nzima, hupita kama ufagio kwenye mteremko mmoja. Ukame mkubwa huangusha eneo lote, na hapo njia hii hufanya kazi yake sawasawa. Lakini barafu ikipiga vijiji viwili katika eneo lenye vijiji kumi, mizani ya vile vijiji vinane huinua wastani juu ya mstari. Mayi alikata bima, akalipa ada, akapoteza ekari zake mbili, na simu yake haikutoa mlio wowote wa malipo.

Hakuna mwizi hapo. Sheria ilifuatwa, vipimo vilikuwa sahihi, na bado mtu aliyeumia hakulipwa. Nataka mlielewe vizuri hili, kwa sababu mkiwa wakubwa mtasikia wengine wakisema bima ni utapeli, na wengine wakisema wakulima hawaelewi. Mayi anaelewa. Anajua kuhesabu mashina yaliyolala. Kasoro iko kwenye ukubwa wa eneo linalopimwa.

Wafugaji wa kaskazini wana njia yao, ambayo ilianza miezi michache kabla ya ile ya mahindi, Oktoba 2015, kwa wafugaji 5,000 wa Turkana na Wajir. Huko serikali iliwalipia wafugaji maskini ada yenyewe, na mizani yao iko angani: setilaiti hutazama rangi ya malisho, na kijani kikipungua kupita kiwango, malipo hutoka. Mahindi ni magumu zaidi kuyasoma kutoka juu. Shamba lenye magugu mengi nalo ni kijani.

Yapo pia maafa ambayo serikali huyajibu kwa vitu badala ya fedha. Mwaka 2017 viwavijeshi wapya, ambao asili yao ni mabara ya Amerika na ambao walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, waliingia mashamba ya magharibi mwa Kenya na kula mahindi kutoka moyoni. Msaada mkubwa ulikuwa dawa ya kunyunyizia na mafunzo. Mwaka 2024 pakazuka kilio kingine. Baadhi ya mifuko iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku, ile ya shilingi 2,500 kwa kilo 50, ilibainika kuwa si mbolea inayofaa, na serikali ikaahidi kuwafidia walionunua. Hapo tena daftari likawa na kazi: nani alinunua, wapi, lini? Tangu mwaka 2023 wakulima nchini wamekuwa wakiandikishwa kwa machifu na maafisa wa kilimo, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba na zao analolima, na ujumbe wa mbolea ya ruzuku hutumwa kwa simu iliyoandikwa.

Waulizeni nyumbani jioni hii: simu iliyoandikwa ni ya nani? Kuna bibi ambaye laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu aliyeko Nairobi. Kuna baba aliyebadilisha namba bila kumwambia chifu. Na Trans Nzoia kuna watu wengi wanaokodi mashamba. Ikiwa daftari limeandika mwenye hati, aliyekodi akazika jasho na mbolea yake humo anaweza kutazama tu fidia ikienda kwa mtu ambaye hajashika jembe mwaka mzima. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa dakika chache kabla ya msimu. Baada ya maafa huchukua miezi. Na akitokea mtu anayedai pesa ili awaandikishe mpate fidia, mwambieni mzazi aende kwa chifu kwanza kabla ya kutuma hata senti.

Sasa nirudi kwenye swali la serikali, maana sikusema serikali gani. Katiba ya 2010 ilitupa serikali mbili. Kilimo kwa sehemu kubwa kilikwenda kwenye kaunti. Kukabiliana na majanga kumeandikwa kwa zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti. Hiyo ndiyo sababu mwenye shamba lililofunikwa na maji huambiwa Nairobi aende Bungoma, na Bungoma aulizie Nairobi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura, kwa ajili ya mambo ya haraka ambayo hayakutarajiwa na hayana fungu katika bajeti. Malipo yake ya mwaka mmoja yamewekewa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Fedha zikitolewa, mkuu wa fedha wa kaunti ana miezi miwili ya kwenda mbele ya bunge la kaunti kuomba idhini ya malipo hayo. Hiyo miezi miwili ndiyo nafasi ya mwakilishi wenu wa wadi kuuliza: wakulima wa kijiji gani walipata, wangapi, na kwa orodha ya nani?

Na kuna suala la wakati, ndiyo maana niliwaambia mshike ule msimu mmoja. Barafu ilipiga Julai. Wastani hupimwa kwa mizani wakati wa kuvuna, Novemba au Desemba. Vipimo vikusanywe, vikaguliwe, hesabu zifanywe, kampuni ilipe. Shule hufunguliwa Januari. Mbegu hununuliwa Februari na Machi. Fidia ikifika Machi mwanzoni, Mayi anapanda. Ikifika Mei, jirani ameshapalilia mara ya kwanza, naye Mayi ameshakodisha ekari moja kwa bei ya kutupa ili apate karo, na shilingi zilezile haziwezi tena kumrudisha alipokuwa. Mkulima wa sehemu za chini za Bungoma angeweza kujaribu msimu wa pili. Kwa Mayi kule juu, na kwa mkulima wa Trans Nzoia, mwaka umeshapita.

Wapo watakaowaambia kwamba Mayi asaidiwe na majirani, na kweli watamsaidia, wanawake wa chama chake watamletea mahindi ya kusaga. Lakini majirani hao nao wana ekari mbili mbili. Hawakuandikiwa katika katiba yoyote kubeba majanga. Serikali imeandikiwa.

Kinachoweza kubadilishwa kwa ajili ya mteremko wa Mayi ni kukata maeneo ya bima yawe madogo, yakaribie ukubwa wa kata ndogo, ili barafu ya vijiji viwili ionekane kwenye wastani. Hilo lina bei. Maeneo yakiwa mengi, mashamba ya kupimwa yanakuwa mengi, kamba na mizani vinahitajika zaidi, na wapimaji zaidi wa kulipwa mwezi uleule ambao kila mtu anavuna. Fungu la kazi hiyo haliwezi kutoka kwenye hazina ya dharura, kwa sababu mavuno si jambo la ghafla. Lazima liwekwe kwenye bajeti ya kawaida. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya kupitishwa wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo hutangazwa, huwa wazi kwa kila mtu, na mara nyingi huangukia siku ambazo wakulima wako shambani wakipanda. Mzazi wako akiwa na jembe mkononi siku hiyo, wewe uliyefunga shule kwa likizo ya Aprili unaweza kwenda na daftari lako, ukaketi mbele, na ukauliza eneo letu la bima linaanzia wapi na linaishia wapi.